Pampu ya Manowari Ndani ya Sanda

Mlango uligongwa tena, na safari hii kwa kitako cha bunduki.

Tulimwacha Mwamvua papo hapo, mkono kwenye komeo, roho juu. Nyuma yake, juu ya kitanda alichoachiwa na marehemu mumewe, ilikuwa imelala pampu ya manowari.

Kwa aliyelikosa gazeti la wiki jana, au aliyelikuta limeshafungiwa vitumbua, nitasema upesi upesi. Mwamvua, Mama Zamoyoni, ni mjane mwenye mashine ya kukoboa mpunga hapa Kahama. Mashine imenyamaza tangu pampu yake ya maji, ile ya kupozea injini, ilipopasuka. Mwaka wenyewe ni themanini na tatu, mwaka wa msako wa magendo. Madukani hakuna sabuni, hakuna sukari, na mji mzima huwezi kupata hata valvu ya baiskeli. Akina mama wamerudi kwenye vinu. Kamati ya mtaa nayo imetoa neno: kesho Ijumaa wanapita, na mashine ambayo hawataikuta inazunguka, mwenyewe akiwa amesimama kando yake, itang'olewa na kupewa kijiji kingine.

Ndipo alipotokea shemeji yake, Akida, aliyekuwa mpishi bandarini Mombasa. Alileta lile dude chini ya magunia ya nazi, kwa lori na kwa treni mpaka Isaka.

Manowari yenyewe, kwa maelezo ya Akida, ni kiwanja cha ndege kinachoelea. Ndege zinalala juu yake kama njiwa juu ya bati. Haijui dizeli. Inakula atomiki, nayo inakula mara moja tu. Ukiilisha leo, mtoto aliyezaliwa leo ataoa kabla haijaomba tena. Na tumboni imebeba spea za kila kitu, mpaka spea za spea. Baharia mmoja alimwachia Akida pampu hiyo, akaondoka na twiga wa kuchonga, kila mmoja akiamini amemtapeli mwenzake.

Mwamvua alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia hayo ya atomiki ayarudishe Mombasa. Yeye alitaka maji yapite kwenye injini, basi. Dizeli angeitafuta mwenyewe, maana tangi lilikuwa kavu tangu Ramadhani, buibui ameshajenga ndani.

Sasa turudi mlangoni.

"Shemeji, ifunike," alinong'ona Mwamvua.

Akida alivuta shuka jeupe akalitupa juu. Pampu ile ilikuwa na kichwa kipana kama karai, kiuno, na mguu mmoja mrefu. Kichwa kikakaa upande wa mto, mguu ukaelekea mlangoni. Hakuna aliyekusudia. Chuma chenyewe kilijilaza hivyo.

Aliyeingia ni Herman, kamanda wa mgambo, mtu mwenye sauti kubwa na machozi ya karibu. Aliingia amejiandaa kufoka. Alisema ana habari za uhakika kwamba nyumba hii imeficha spea za magendo, na kwamba mwaka huu hakuna cha mjane wala cha yatima, na kwamba yeye mwenyewe kwa mkono wake atapekua mpaka uvunguni. Macho yakaangukia kitanda.  Akavua kofia.

"Nani?" akauliza.

Mwamvua angeweza kusema ni magodoro, ni mpunga, ni lolote. Akida akamtangulia.

"Mjomba," akasema. Na kwa kuwa alikuwa ameogopa kwelikweli, sauti ilimkatika kama ya mfiwa.

"Ooh, mjomba," akasema Herman, machozi yakamlenga.

Mnajua wenyewe. Uongo wa gunia ni wako na gunia lako. Uongo wa maiti ni wa mji mzima. Herman alitoka nje akatangaza kwa ile sauti yake, na kabla Mwamvua hajapata la kusema, majamvi yalikuwa yametandikwa uani, kuni zimeshushwa, na jirani yake Chausiku alikuwa ameshika kichwa analia kuliko wote.

Chausiku alilia kwa bidii. Alilia wema wa marehemu, alilia urefu wake, alilia jinsi alivyokuwa akipenda watoto. Kisha akamsogelea Mwamvua, kanga mdomoni.

"Mama Zamoyoni, alikuwa anaitwa nani? Nimeishiwa la kulilia."

Mwamvua akamwambia alie tu mjomba, inatosha.

Basi tazama mambo. Bwana Liaquat alikuwa na duka ambalo tangu mwezi uliopita halikuuza ila viberiti na kalamu za risasi. Sasa mkewe, Bi Gulnar, alileta sukari nusu gunia. Jirani wa pili, aliyeapa mbele ya kamati kwamba hana hata punje, alileta mchele. Sabuni zilishuka darini. Debe la mafuta ya kula lilipita limevishwa kanga kama bibi harusi. Bwana Liaquat mwenyewe alimvuta Akida pembeni akamnong'oneza kwamba upungufu wowote, wa kitu chochote, asione haya kusema, msiba ni wa wote.

Herman aliona kila kitu. Sukari ile alikuwa ameitafuta kwenye visima na kwenye makaburi ya zamani. Leo ilikuwa inapita mbele ya pua yake juu ya kichwa cha binti, na yeye ndiye aliyekuwa akimwonyesha pa kuitua. Lakini msibani hakuna msako. Akapewa chai, akakoroga, akaonja, akakoroga tena.

Mwamvua alikaa kwenye jamvi la wafiwa akiwaza jambo moja tu: lini watu hawa wataondoka ili pampu ifungwe. Jua lilikuwa limeshapita utosini.

Hawakuondoka. Akaja Sheikh Shaaban, imamu wa mtaa, na watu wake wanne na jeneza.

Sheikh aliuliza kuhusu kuosha. Akida akajibu upesi kwamba mjomba alifia safarini, huko huko ameshaoshwa, na mwenyewe aliusia asifunuliwe tena. Sheikh aliweka mkono juu ya shuka, akagusa penye kichwa, akasema wachache sana wanaondoka na paji la uso lililotulia namna ile. Kisha akatoka nje kupanga safu.

Hapo Mwamvua alisimama kwenye jamvi.

Kuificha serikali chuma ni jambo moja. Kuwasimamisha waumini mbele ya Mungu wakakiombea chuma maghufira ni jambo lingine, na hilo hakuwa tayari kulibeba mpaka Kiyama. Mashine anaitaka, ndiyo. Lakini si kwa bei hiyo.

Alimfuata Sheikh nyuma ya mtungi.

"Sheikh, nisamehe. Huyu haswaliwi."

"Kwa nini, mwanangu?"

"Si mwenzetu katika dini."

Na hapo, ukitazama vizuri, hakusema uongo.

Sheikh alishusha pumzi, akasema ni vizuri amesema mapema, akawataka watu wake wakae wanywe chai. Mwamvua naye akashusha pumzi. Hakuijua kasi ya maneno ya msibani. Yalizunguka uani mara moja tu, yakafika kwa Herman.

"Kumbe ni wetu," akasema Herman, akasimama. Alikuwa Mkatoliki wa tangu utotoni. Alisema hawezi kukubali Mkristo azikwe kama asiye na kwao, akamtuma mgambo wake mmoja akamwite katekista Selestine, aje na msalaba na maji ya baraka. Wenzake aliwapa majembe. Kisha akamgeukia Akida, akauliza jina la ubatizo la marehemu.

Akida alitafuta kichwani. Maandishi pekee aliyoyakumbuka yalikuwa yale yaliyogongwa ubavuni mwa pampu.

"Alikuwa na namba tu, Kamanda. Alifanya kazi melini."

"Namba tu," akarudia Herman, na machozi yakashuka kabisa.

Sasa pampu ilikuwa inakwenda kuzikwa kwa heshima zote, futi sita chini, na mgambo juu yake. Mwamvua alimtazama Akida. Akida alitazama mawingu.

Ndipo alipoingia Maduhu.

Maduhu ni Msukuma mrefu, mchimbaji wa dhahabu wa Geita, kaptula yake nyeupe kwa vumbi la mawe. Shimo lake, wao huliita duara, lilikuwa limejaa maji tangu masika, na mwamba wenye dhahabu ulibaki chini. Alikuwa amezunguka Shinyanga yote akitafuta pampu. Siku hiyo amefika Kahama na lori na vijana wake, akasikia msiba, akauliza wafiwa ni kina nani. Akaambiwa ni Wazaramo. Akacheka, akakunja mikono ya shati.

Wazaramo na Wasukuma ni watani tangu enzi za misafara ya wapagazi. Mtani hapigi hodi msibani. Anaingia, anamwiga marehemu, anawachekesha wafiwa, anachukua anachotaka, iwe kofia, iwe sufuria, iwe jembe la kaburi, na huwezi kumnyang'anya kwa nguvu. Unamkomboa kwa maneno au kwa zawadi. Anayegombana na mtani amejidhalilisha mwenyewe.

"Mwadila, watani," akasalimia, na papo hapo akataka kujua marehemu alikuwa anatembeaje, ili amwige vizuri.

Akida akasema alikuwa hatembei.

"Alikuwa anafanya nini?"

"Anazunguka."

Basi Maduhu akazunguka. Alizunguka uani mikono ameinyoosha, akapiga teke birika, akaangukia mapajani mwa Sheikh, na watu waliokuwa wamelia tangu asubuhi wakacheka mpaka wakashika mbavu. Hata Herman alicheka, akalia, akacheka.

Kisha wanaume wakaitwa kumpandisha marehemu kwenye jeneza. Wanne waliguna. Maduhu akaingiza bega. Walipoinua, kitu ndani ya shuka kilijigeuza kikasema krrr, taratibu, kama kahawa inayosagwa.

Wale wengine walidhani ni mbao za jeneza. Maduhu hakudhani. Alimshusha mjomba jenezani polepole kama anayeshusha yai, akatoka chumbani, akajilaza chali kizingitini mwa mlango wa uani.

"Marehemu hatoki," akasema.

Watu wakacheka. Wakamwekea sahani ya wali kifuani. Akala, akarudisha sahani, akabaki amelala. Wakampa kofia ya Akida. Akaivaa, akabaki amelala. Chausiku alitoka jikoni akiuliza ni nani amechukua kinu, wali wa pili utapikwaje mpunga haujatwangwa. Kila jicho lilikuwa mlangoni.

Herman akamwambia kwa upole kwamba katekista yuko njiani. Maduhu akamjibu akiwa pale pale chini.

"Waislamu wamesema si wao. Wakristo hawamjui jina. Asiye na mwenyewe ni wa mtani. Namtaka mjomba."

Kicheko kikaanza, kikafia njiani, kwa sababu Maduhu mwenyewe hakuwa anacheka.

Mwamvua alipiga magoti karibu na kichwa chake, akajifunika kanga kama anayembembeleza. Waliyozungumza hakuna aliyeyasikia.

"Mtani, unajua ni nini?"

"Najua. Najua pia kwamba Kamanda hajui."

"Kesho wanakuja kung'oa mashine yangu. Ndiyo baba wa Zamoyoni ile, ndiyo ada yake, ndiyo paa letu."

"Na mimi duara langu lina maji mpaka shingoni, na vijana wangu wanatafuna muhogo mbichi."

"Niachie mpaka Jumamosi. Ukija nitakupa kwa mkono wangu."

"Mtani wangu, Jumamosi atakuwa kaburini, na Herman ameweka maua. Nikiondoka mimi hapa mlangoni, anaingia katekista. Chagua."

Mwamvua alitazama uani. Mgambo walikuwa wameshashika majembe. Akimkatalia mtani, pampu inazikwa, au sanda inafunguliwa na yeye analala mahabusu. Akimkubalia, pampu inakwenda Geita. Njia zote mbili kesho mashine iko kimya. Lakini kilicho juu ya ardhi unaweza kukifuata.

Alisimama.

"Mtani amemtaka mjomba," akasema kwa sauti ya kusikika. "Mila ni mila. Mpeni."

Chausiku alizimia, baada ya kuchagua jamvi zuri la kuangukia. Sheikh Shaaban alisema katika uhai wake hajaona. Herman alifungua mdomo apinge, akakumbuka kwamba bibi yake mzaa mama ni Msumbwa, na mambo ya utani anayaogopa kuliko sheria. Akaufunga.

Vijana wa Maduhu walikimbilia ndani. Chumbani hakukuwa na mtu. Akida alikuwa hajaonekana tangu Maduhu ajilaze, na Mwamvua alijua ametoroka, wala hakushangaa. Dirisha la nyuma lilikuwa wazi. Jeneza lilikuwa pale pale, shuka limefungwa vizuri. Wakalibeba.

"Mbona amepungua?" akauliza mmoja.

"Maiti akishasamehewa hupungua," akasema Maduhu, ambaye kwa furaha hakuwa akisikia hata bega lake.

Wakatoka mbio. Na kwa kuwa utani una taratibu zake, hawakwenda moja kwa moja kwenye lori. Walimzungusha mjomba mji mzima. Walimpitisha sokoni, wakampitisha stendi, wakamsimamisha mbele ya kila duka lililofungwa wakimwuliza angependa kununua nini, na mji mzima ukawafuata ukiimba. Mwamvua alifuata nyuma, mbali, kanga kichwani. Walipofika kwenye lori jua lilikuwa limeanza kuinama.

Lori liligoma kuwaka. Herman akaamuru mgambo wasukume, na yeye mwenyewe akaweka bega. Ndivyo, machoni pa Mwamvua, spea ya magendo aliyokuwa akiitafuta tangu asubuhi ilivyoondoka Kahama, ikisukumwa na kamanda wa msako akiwa amevua kofia.

Mwamvua aliliona lori likichukua njia ya Geita, na miguu ikaamua kabla yake. Mfiwa haondoki msibani. Hilo alifundishwa na mama yake, na mama yake na mama yake. Alijifunga kanga ya pili kiunoni, akakimbia.

"Mama, wanawake hawaendi makaburini," akamwita Herman.

"Siendi makaburini," akajibu, akashika ubao wa nyuma, akapanda.

Maduhu alimtazama kwa heshima. Alisema alikuja Kahama kutafuta pampu, sasa amepata pampu na mwenye pampu, na Geita watamwita tajiri.  Mwamvua alikaa kando ya jeneza kama mjane wa pili.

Nyumba za mwisho zilipopita, lori lilisimama. Tairi moja halikuwa na tyubu. Lilijazwa majani, na majani yalikuwa yameshasagika. Dereva akashuka kukata mengine. Kukawa kimya, mbuga mbele, mji nyuma.

Mwamvua aliweka mkono juu ya shuka, kuiaga pampu yake au kuiahidi, hata mwenyewe hakujua.

Mkono ukashtuka.

Chuma cha manowari ni baridi na laini. Hiki kilikuwa na mikwaruzo. Akapapasa zaidi. Ukingo mpana, mviringo. Ufa. Na juu ya ufa, kiraka cha bati na misumari, ambacho marehemu mumewe alikipigilia mwenyewe.

Kilikuwa kinu chake. Na mguu wa mjomba ulikuwa mchi.

Dirisha la nyuma. Kumbe Akida hakutoroka. Wakati mji mzima unamtazama Maduhu kizingitini, Akida aliitelezesha pampu dirishani kwa ubao, na nyuma ya dirisha lile hakuna kitu kingine ila banda la mashine.

Mwamvua aliufanya uso kama jiwe. Lakini Maduhu alikuwa ameshasogea, amepiga goti, na vidole vyake viko kwenye fundo la sanda. Alisema hawezi kungoja mpaka Geita, lazima aione.

Ndipo mlio ulipokuja kutoka mjini.

Tuku. Tuku. Tuku tuku tuku tuku.

Dereva alisimama na majani mkononi. Vijana wakageuka. Vidole vya Maduhu vikabaki kwenye fundo. Kahama yote hakuna asiyeujua mlio ule, ijapokuwa ulikuwa umekosekana muda mrefu.

"Mtani," akasema Maduhu polepole, akitazama mji, kisha shuka, kisha Mwamvua. "Ile si mashine yako?"

Mwamvua alitabasamu, mara ya kwanza tangu mlango ulipogongwa. Mashine inazunguka. Kilichobaki ni yeye kushuka kwenye lori hili, na kesho asubuhi kamati imkute amesimama kando yake.

Kisha tabasamu likaganda.

Maana mashine haikuwa inakohoa kama zamani. Ilikuwa inaunguruma, inapanda, inazidi kupanda, mpaka kunguru wa sokoni wakaruka wote kwa pamoja. Na Mwamvua akalikumbuka tangi. Alilichungulia mwenyewe alfajiri ile. Halikuwa na tone la dizeli, ila buibui.

Sasa ile mashine ilikuwa inakula nini?